Picha Nne kwa Sekunde

Leo nataka tuzungumze juu ya ndege za kivita ambazo hazikuwahi kugusa hewa, zile zilizorushwa ndani ya kompyuta za nyumbani katika miaka ya 80. Ni jambo ninalolipenda tangu utotoni, na nimelifikiria muda mrefu.

Mwaka 1986 mjomba wangu alirudi Mombasa kutoka masomoni Uingereza, na katika mizigo yake mlikuwa na kompyuta ndogo nyeusi iitwayo ZX Spectrum, yenye vitufe vya mpira. Nyumba ya kwao ilikuwa katika mtaa wa Kibokoni. Akaiunganisha kompyuta hiyo na televisheni ya sebuleni na redio kaseti. Programu ilikuwa ndani ya kanda, kama nyimbo za taarabu. Unaipachika kanda, unaiachilia, kingo za televisheni zinajaa milia ya rangi inayokimbia, na kaseti inapiga ukelele mkali kwa muda wa dakika tano hivi. Umeme ukikatika dakika ya nne, unarudisha kanda mwanzo na kuanza upya. Nasi ulitukatikia mara nyingi.

Mchezo wenyewe uliitwa Fighter Pilot, wa kampuni ya Kiingereza ya Digital Integration, uliotoka mwaka 1983. Ndege ni F-15 ya Kimarekani. Unaweza kujifunza kutua, kupigana angani, hata kuchagua upepo wa ubavuni au kutua pasipo kuona nje, ukitegemea vyombo peke yake. Kila niliposhika vitufe, ndege ile ilianza kupanda na kushuka kama mashua wakati wa kusi, pua juu, pua chini, kila wimbi kubwa kuliko lililotangulia, mpaka ikajikita ardhini. Mjomba aliketi kando yangu, na alikuwa na neno moja tu: "Ngoja, mjomba." Neno hilo nimekaa nalo miaka, na mazungumzo haya yanatoka humo.

Tufanye hesabu pamoja. F-15 inayokwenda kilomita 900 kwa saa hupita mita 250 kila sekunde. Tuseme kompyuta yako ina uwezo wa kuchora picha nne kwa sekunde, kiwango ambacho mashine za wakati ule mara nyingi hazikukivuka kwa mbali. Basi kati ya picha moja na inayofuata, ndege imekwenda mita 62 na nusu. Ndege hiyo ina urefu wa mita 19 na kitu. Maana yake adui anaruka kutoka hapa hadi pale, zaidi ya mara tatu ya urefu wake, na katikati hapana kitu. Bunduki ya F-15 ikifyatua kwa kasi yake ya juu hutoa risasi 6,000 kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Risasi 25 zinatoka kati ya picha mbili, na wewe hukuona hata moja ikienda.

Kuna na jambo zito kuliko hilo. Picha unayoitazama imekwisha kupitwa na wakati. Unaona pua imeshuka, unabonyeza kitufe cha kuinua. Kompyuta inamaliza kwanza kazi iliyo mkononi, ndipo inasoma kitufe chako, inapiga hesabu, inachora. Unapoona jibu, nusu sekunde imekwenda. Kwa kuwa hukuona jibu mapema, uliendelea kubonyeza. Sasa pua iko juu mno. Unabonyeza kushusha, na kwa kuwa jibu linachelewa tena, unashusha mno. Marubani wa ndege za kweli wanaijua hali hii na wanaiogopa, kwa sababu imeangusha ndege za kweli: mkono wa rubani na mwitikio wa ndege vikipishana kidogo tu kwa wakati, kila marekebisho yanaongeza kosa badala ya kulipunguza. Mimi kule Kibokoni nilidhani najifunza jinsi F-15 ilivyo ngumu kuirusha. Nilichokuwa nikipambana nacho ni uchelewaji wa mashine.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu naona kosa hili limeenea. Watu wengi wa rika langu wanapoikumbuka michezo ile husema ilikuwa ya kweli kwa sababu ilikuwa migumu. Mimi nasema ugumu ule kwa sehemu kubwa haukutoka angani. Ndege ya kivita iliyotengenezwa vizuri humtii rubani papo hapo. F-16, kwa mfano, ina kompyuta zake zenyewe za kuipa mkono mwepesi. Mchezo unaokuchelewesha nusu sekunde umekupeleka mbali na ndege ile, hata kama mlinganyo wa kani ya kuinua umeandikwa sawasawa hadi nukta ya mwisho.

Lakini kwa nini kompyuta zilikuwa nzito hivyo? Si kwamba watunzi walikuwa wazembe. Prosesa ya Spectrum, Z80, ilikwenda kwa megahezi 3.5. Ile ya kompyuta ya Apple II, aina ya 6502, ilikwenda kwa megahezi 1 tu. Na zote mbili zilikuwa na upungufu mmoja utakaomshangaza kijana wa leo: hazikujua kuzidisha. Zilijua kujumlisha, kutoa, na kusogeza tarakimu kushoto au kulia. Ukitaka 7 mara 5, huna budi kuifundisha mashine njia ya kufika huko kwa hatua ndogondogo, na kila hatua inakula muda.

Sasa fikiria nyumba iliyo chini ya ndege yako, kisanduku chenye pembe nane. Kila pembe, ili ionekane mahali pake jinsi ndege ilivyopinda na ilivyoinama, inahitaji kuzidisha mara tisa. Kisha kugawanya mara mbili, ili kilicho mbali kionekane kidogo. Pembe nane ni kuzidisha mara 72 na kugawanya mara 16, kwa nyumba moja, kwa picha moja, na bado hujachora hata mstari mmoja.

Watunzi wakatafuta hila, na mojawapo naipenda sana kwa sababu unaweza kuifanya kichwani hapo ulipo. Chukua 7 na 5. Zijumlishe: 12. Zitoe: 2. Kipeo cha pili cha 12 ni 144, na cha 2 ni 4. Toa 4 kwenye 144, unapata 140. Robo yake ni 35, nayo ndiyo 7 mara 5. Kwa hiyo ukiweka ndani ya kompyuta jedwali la robo za vipeo vya pili, kuzidisha kunageuka kuwa kujumlisha, kutoa na kuchungulia jedwali. Ninyi mliosoma sekondari mkiwa na kile kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne, mkitafuta logi kwa kidole mstari hadi mstari ndani ya chumba cha mtihani, mlikuwa mkifanya kazi ya namna hiyohiyo: mtu mwingine amekwisha kupiga hesabu, wewe unaikuta tayari. Ubaya wake ni kwamba jedwali linakula kumbukumbu, na kumbukumbu yote ya Spectrum ya mjomba ilikuwa kilobaiti 48. Karibu 7 kati ya hizo zilikuwa za skrini peke yake.

Kwa hiyo kila mtunzi alikuwa kama nahodha anayepakia jahazi dogo. Kila unachopakia kina uzito, na uzito unapunguza mwendo. Ukitaka milima, picha zitapungua. Ukitaka adui watatu, zitapungua zaidi.

Bruce Artwick, Mmarekani aliyeandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1975 juu ya kuonyesha urukaji wa ndege kwa kompyuta, ndiye aliyeuleta mwigo wa ndege kwenye Apple II mwishoni mwa mwaka 1979 na mwanzoni mwa 1980. Dunia yake ilikuwa uwanda wa miraba, sita kwa sita, na milima pembeni. Humo aliweka na vita vya angani vya enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, ndege za mabawa mawili mawili. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Ndege ya mwaka 1917 ina mwendo wa pole, na picha zikichelewa hasara yake ni ndogo kuliko kwa ndege ya jeti. Ardhi tupu haikumsumbua mtu.

Utaona pia kwamba katika karibu michezo yote hiyo, nusu ya chini ya skrini imejaa vyombo: saa ya kimo, ya mwendo, ya mafuta, duara la rada. Tulidhani ni kwa ajili ya kutuweka ndani ya ndege, na kweli ilitusaidia kujihisi tumo ndani. Lakini vyombo havihitaji kuchorwa upya kila mara. Mshale mmoja unasogea, basi. Kila sentimita ya skrini iliyofunikwa na vyombo ni sentimita ambayo kompyuta haikulazimika kuichora. Kioo kidogo cha mbele kilikuwa uchumi uliovaa sare ya rubani.

Kwangu mimi bingwa wa wote ni Geoff Crammond, Mwingereza, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika sekta ya ulinzi. Mwaka 1983 alitoa mchezo uitwao Aviator, kupitia kampuni ya Acornsoft, kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro. Mashine hiyo ilikuwa na 6502 ya megahezi 2 na kilobaiti 32 za kumbukumbu. Ndege ilikuwa Spitfire. Ulimwengu wake ni mistari mitupu na vitone vya ardhini, daraja ambalo unaweza kupita chini yake ukithubutu, na mji mdogo ambao unaweza kuruka katikati ya mtaa wake. Naam, wako pia maadui kutoka anga za mbali, jambo ambalo halikutokea mwaka 1940, na sioni tatizo nalo hata kidogo.

Niwaeleze alichofanya kwa upande wa picha. Ukichora mstari, ukaufuta, ukachora mwingine mbele ya macho ya mtazamaji, picha inapepesa na macho yanachoka. Dawa yake ni kuwa na skrini mbili: moja inatazamwa, nyingine inachorwa kwa siri, kisha zinabadilishana. Lakini skrini mbili ni kumbukumbu mara mbili, naye hakuwa nayo. Akachukua skrini ya rangi nne. Picha ya kwanza akaichora kwa rangi ya kwanza, na picha inayofuata akaichora juu yake palepale kwa rangi ya pili. Rangi moja akaiambia mashine iionyeshe nyeupe, nyingine akaiambia iionyeshe nyeusi kama mandhari ya nyuma, kwa hiyo haionekani. Picha mpya ikiwa tayari, anageuza: iliyokuwa nyeusi inakuwa nyeupe, iliyokuwa nyeupe inatoweka. Picha mbili zimeandikwa kwenye karatasi moja, na msomaji anaona moja tu kwa wakati mmoja. Alitoa rangi, akapata utulivu. Spitfire yake ilikuwa ya mistari, lakini ukiiachia mwendo ukapungua mno, mabawa yalikataa kuibeba na pua ikaanguka, na ulilihisi jambo hilo tumboni.

Kuna kisa kingine kinachonirudia. Mwaka 1982, katika mkutano wa kikazi huko Las Vegas, wafanyakazi wawili wa kampuni ya General Instrument walikutana mbele ya mashine ya kutumbukiza sarafu yenye mchezo wa Red Baron. Mmoja ni Bill Stealey, aliyekuwa rubani katika Jeshi la Anga la Marekani. Mwingine ni Sid Meier, mtunzi wa programu. Rubani alicheza vizuri. Meier akamshinda. Alipoulizwa amewezaje, akaeleza kwamba alikuwa ameitazama mashine mpaka akatambua kanuni ambazo ndege za adui zilizifuata. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni ya MicroProse, na mwaka 1984 wakatoa mchezo wa F-15 Strike Eagle.

Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka. Mimi naona kinasema jambo kubwa. Adui wa kompyuta hakuwa na hofu, hakuwa na uchovu, hakukosea macho kwa sababu ya jua. Alikuwa kanuni. Mtu aliyefunzwa kumsoma binadamu mwenzake hakuwa na cha kusoma pale. Kumpa adui akili kidogo tu, akumbuke ulipotokea, aamue kukimbia mafuta yakipungua, kulihitaji muda wa prosesa, na muda wote ulikuwa umekwenda kwenye picha. Ndiyo maana adui wengi wa zama zile walikuwa wakizunguka duara, nawe unazunguka duara nyuma yao.

Na tukiwa kwenye F-15 Strike Eagle, kuna jambo moja lazima nilitaje. Misheni zake zilichukuliwa kutoka nchi za kweli: Libya, Iraki, Vietnam. F-15 iliruka mara ya kwanza mwaka 1972 na haikupigana Vietnam kabisa, lakini humo unaipeleka hadi juu ya Hanoi. Chini yako miji ni alama ndogo za maumbo bapa. Nilipokuwa mtoto hili halikunigusa. Leo linanigusa. Watunzi walihangaikia kimo, mafuta, umbali wa kombora, na kila kitu kilichokuwa upande wa rubani. Upande wa pili waliweka pembetatu, na mashine bora zilipokuja, wengi hawakurudi kuigusa pembetatu ile.

Mashine zilipopata nguvu, njia zikagawanyika. Mwaka 1988, kwenye kompyuta ya Amiga, Bob Dinnerman alitoa F/A-18 Interceptor, juu ya ghuba ya San Francisco. Prosesa ya Amiga, 68000, ilikwenda kwa megahezi 7 na kidogo, na hatimaye hii ilijua kuzidisha. Nyuso zilijazwa rangi badala ya mistari. Dinnerman hakupakia mengi: ghuba, daraja la Golden Gate, manowari ya kubebea ndege, na maadui wachache. Lakini ndege iligeuka pale ulipoigeuza. Wako waliosema si ya kweli, kwamba ni mchezo mwepesi mno. Siwaungi mkono. Kwa mara ya kwanza mkono wangu na upeo wa macho vilikwenda pamoja.

Mwaka 1991 ulileta mifano miwili niliyoilinganisha muda mrefu. Upande mmoja kuna Falcon 3.0 ya kampuni ya Spectrum HoloByte, mwigo wa F-16 kwa kompyuta za PC. Huu ulikuwa mzigo mzito kuliko yote: vita vizima vinaendelea hata usipokuwepo, rada yenye njia zake nyingi, kitabu kinene cha maelekezo. Ukitaka hesabu zake za urukaji za kiwango cha juu kabisa, ulipaswa kununua chipu ya ziada ya hisabati, maana prosesa ya 386 peke yake haikuzimudu. Watu walikaa jioni nzima wakipanga upya kumbukumbu ya kompyuta zao ili tu mchezo ukubali kuanza. Ninawaheshimu waliouandika, na ninauheshimu upendo wa waliousubiri. Lakini nikiuketia leo katika mashine ya zama zake, nahisi nimekabidhiwa kitabu cha F-16 zaidi ya F-16.

Upande wa pili kuna Hellcats over the Pacific, kwa Macintosh, kazi ya Eric Parker. Skrini yake ilikuwa ya nukta 640 kwa 480, rangi 256, wakati PC nyingi zilicheza kwa 320 kwa 200. Ni nukta karibu mara tano, na bado ilikwenda laini. Siri yake ilikuwa kutochora upya kilicho kilekile. Kama mbingu ilikuwa buluu mahali fulani na bado ni buluu, haikuichora tena buluu hiyo. Ilizigusa zile nukta zilizobadilika tu. Bahari na anga vinachukua sehemu kubwa ya vita vya Pasifiki, kwa hiyo kazi ilikuwa ndogo. Artwick alikuwa amechagua ndege ya pole, na Parker akachagua bahari. Wote wawili walitazama kwanza mashine iliyo mbele yao, kisha wakatafuta kipande cha dunia kinachoweza kuingia humo bila kubanwa.

Mjomba sasa ni mtu mzima sana. Mwaka jana nilimletea kompyuta yenye programu inayoiga Spectrum, na nikamfungulia Fighter Pilot. Hakuna kanda, hakuna ukelele. Inafunguka papo hapo, jambo lililomsikitisha kidogo. Kasi niliiacha ileile ya mwaka 1983. Akachagua kutua, na upepo wa ubavuni. Njia ya kurukia ikaonekana, mistari michache tu kwenye giza, ikaanza kupotea kuelekea kushoto.

Akabonyeza kitufe mara moja, akainua mkono. Kiganja chake kikabaki hewani juu ya kibodi, hakigusi kitu. Picha moja ikaja, haikuonyesha badiliko lolote. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kukaza. Picha ya pili ikaja, njia imerudi katikati. Akabonyeza tena, akainua mkono tena.